Mtunza Muda wa Kundi la Tisa

Mwalimu wa Sayansi alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Ulikuwa uchovu wa miaka ishirini na sita ya kusimama, ule unaoanzia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukapiga kambi kiunoni na kukataa kuhama. Siku hiyo alikuwa ameketi katika ofisi ya walimu, viatu kavivua chini ya meza, karatasi sitini na sita za mtihani wa kumaliza mwaka ziko mbele yake. Alikuwa amefika ya sitini na nne. Akaandika kumi na moja kwa wino mwekundu, akatazama jina, akasonya.

"Nani tena huyo?" akauliza Mwalimu wa Hesabu, jirani yake wa meza kwa miaka kumi na minne, mtu ambaye hakuwahi kuuacha msonyo upite bila kuuliza ulikotoka.

"Saa. Yule wa Kundi la Tisa. Kumi na moja kwa mia."

"Saa? Mbona kwangu ana sabini na moja? Na Kundi la Tisa si ndilo lako la kujivunia?"

Ndilo. Mwaka mzima Kundi la Tisa halikuwahi kushuka chini ya themanini. Na alama ya kundi ilikuwa alama ya kila mmoja wao.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa mwaka, Mwalimu wa Sayansi alipelekwa semina ya siku tatu kujifunza namna ya kufundisha kwa vikundi. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye tai fupi aliyerudia "kidole kimoja hakivunji chawa" mara nyingi mno, mpaka walimu wakambandika jina la Chawa. Lakini alichokisema kilikuwa na akili. Watoto wa umri ule, kumi na mbili, kumi na tatu, wanasikilizana wao kwa wao kuliko wanavyomsikiliza mtu mzima. Wagawe sita sita. Kila mmoja mpe kazi: mwenyekiti, katibu, msemaji, mgawa vifaa, mhimizaji, mtunza muda. Na kila Jumatatu zungusha kazi hizo, ili kila mtoto apite kila mahali. "Zungusheni, walimu wangu," alisema Chawa siku ya mwisho, akichora duara hewani kwa kidole. "Msipozungusha, mmejenga ofisi, hamjajenga kundi."

Mwalimu akarudi na moto. Alikata maboksi, akaandika kadi sitini na sita, akazitoboa na kuzifunga kamba za kuvaa shingoni. Tusimsingizie: aliiamini mbinu ile. Lakini tusimfichie pia. Sitini na sita ukigawanya kwa sita unapata kumi na moja, na kusahihisha kazi kumi na moja jioni si sawa na kusahihisha sitini na sita. Magoti yake yalilipigia hesabu jambo hilo kabla ya kichwa chake.

Jumatatu ya kwanza walizungusha, robo saa ikapotea. Jumatatu ya pili wavulana wawili walipigania uenyekiti mpaka kadi ikachanika. Jumatatu ya tatu Mwalimu aliamka kiuno kimekaza, akaingia darasani, akasema, "Kila mtu aandike jina lake nyuma ya kadi aliyonayo. Kadi zisipotee." Alikusudia iwe hivyo mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, darasa likatulia, wastani ukapanda, Mwalimu Mkuu akamsifu mbele za watu. Nani azungushe kitu kinachokwenda?

"Niitie huyo Saa," alimwambia mwanafunzi aliyekuwa akipita mlangoni.

Msichana akaja. Alikuwa mrefu kwa umri wake, sketi yake imeshushwa pindo mara mbili, alama za pindo la zamani bado zikionekana kama mistari ya daftari. Akasimama mbali kidogo na meza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii karatasi ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Kumi na moja! Wenzako wa kundi moja na wewe wamepata sabini, themanini. Mwaka mzima umekaa nao meza moja. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natunza muda, mwalimu."

Hakulisema kwa kiburi. Alilisema kama mtu aliyeulizwa kazi yake akaitaja. Mwalimu wa Hesabu akainua uso kutoka kwenye madaftari yake.

"Kutunza muda ndiyo kazi ya mwaka mzima?"

"Kadi ina jina langu," alisema Saa. Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari lenye jalada lililofunikwa kwa gazeti, akaliweka mezani kwa mikono miwili. "Nimeandika yote, mwalimu. Nilidhani siku moja utayakusanya."

Mwalimu akamruhusu aende. Akafungua daftari akitegemea kukuta michoro ya maua.

Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, ukurasa kwa ukurasa. Tarehe. Mwalimu. Mwenyekiti. Msemaji. Katibu. Mhimizaji. Mgawa vifaa. Na safu ya mwisho: Mimi. Chini ya kila mmoja, dakika alizozungumza katika kipindi cha dakika arobaini. Mwalimu, kumi na tisa. Mwenyekiti, nane. Msemaji, sita. Katibu, mbili. Mimi, sifuri. Siku iliyofuata, Mimi, sifuri. Mahali pengine palikuwa na nusu, na pembeni kwa herufi ndogo: "Nilisema zimebaki dakika tano."

Alifunua akafunua. Sifuri zilishuka ukurasani zimenyooka. Katikati ya muhula wa pili akakuta mbili. Mimi, dakika mbili. Pembeni palikuwa pameandikwa: "Niliuliza damu inajuaje njia ya kurudi moyoni. Mwalimu akasema kila mtu afanye kazi yake."

Akalikumbuka swali lile. Alikuwa akipita kati ya meza, mguu unauma, amesikia sauti ya mtunza muda mahali ilipotakiwa sauti ya msemaji, akasema alivyosema bila hata kusimama. Aliona aibu sasa, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Akamalizia karatasi mbili zilizobaki, akachukua orodha ya alama. Waliopata chini ya arobaini, ambao kwa sheria ya shule walikuwa wanarudia darasa, walikuwa tisa. Akatafuta kadi zao kwenye boksi, akazigeuza moja baada ya nyingine. Wagawa vifaa wawili. Watunza muda saba.

"Saba kati ya kumi na mmoja," alinong'ona.

"Uliwapa wale wapole," alisema Mwalimu wa Hesabu, ambaye alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. "Wale wasiosema. Ukaona kazi isiyo na maneno itawafaa."

"Na saa ya ukutani iko nyuma ya darasa."

"Kwa hiyo?"

"Nilisema mtunza muda akae anapoiona saa." Akafumba macho. "Mwaka mzima wameupa ubao mgongo."

Mwalimu wa Hesabu akavuta kiti, akaketi karibu naye. Kisha akasema kwa upole, "Mwenzangu, Ijumaa ndiyo kikao. Afisa anakuja na barua yako. Kuanzia muhula ujao wewe ni mkufunzi wa vikundi wa shule zote za eneo hili. Hakuna kusimama tena. Utapewa kiti chenye mto. Hilo daftari litie mkobani, midomo uifunge. Watoto hurudia darasa kila mwaka, dunia haijapinduka."

Kiti chenye mto. Mwalimu alikuwa amekiota kiti hicho kwa miezi miwili. Daftari akalitia mkobani.

Jumatano alikuja mgeni. Alikuwa mama mkubwa wa Saa, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni ambao bila shaka alisahau kuuvua. Yeye ndiye aliyemlea Saa tangu akiwa na miaka minne. Alikataa kiti, kisha akakikubali, maana naye miguu ilikuwa ikimuuma.

"Mwalimu, nimesikia mtoto anarudia. Sikuja kugombana. Nimekuja kuaga kwa niaba yake tu, nisije nikaonekana sina adabu."

"Kuaga namna gani, mama?"

"Akirudia, simrudishi. Nitamweka kwenye cherehani, nina moja haina mtu. Yeye mwenyewe ameshaanza kusema hana akili ya shule. Mimi nitambishia kwa lipi? Nguo nikikosea nashusha pindo. Mwaka wa mtoto hauna pindo, mwalimu."

"Hesabu yake ni nzuri," alisema Mwalimu, na sauti yake mwenyewe ikamsikitisha.

"Basi atapima vitambaa vizuri." Mama mkubwa akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Unajua, alikuwa akirudi nyumbani anajisifu. Kundi letu la kwanza, mama. Kundi letu themanini na tano. Nikamwona amefika. Kumbe gari lilikuwa linakwenda, yeye yuko kituoni anaandika limepita saa ngapi."

Hakujua alichokisema. Mwalimu alijua. Alipotaka kufungua mdomo aseme kosa si la mtoto, kengele ililia, mama mkubwa akainuka, akashukuru kwa kusikilizwa, akaenda zake. Mwalimu akabaki na kosa lake mdomoni.

Jioni hiyo mume wake, dereva mstaafu wa lori aliyeitwa Baba Mapacha na mtaa mzima, alimwekea beseni la maji ya moto yenye chumvi kama alivyofanya kila jioni tangu alipostaafu. Mwalimu akatia miguu, akamsimulia yote. Mzee alisikiliza huku akikwangua tope kwenye viatu vya mkewe.

"Kwa hiyo ukisema, kiti kinaondoka," alisema.

"Kinaondoka. Nani amfanye mkufunzi mtu aliyeharibu mbinu yenyewe?"

"Na usiposema, wanakupa kiti ukawafundishe wengine ulivyofanya."

Mwalimu akakoroga maji kwa vidole vya miguu.

"Mama Mapacha, mimi nimepotea njia mara nyingi, na mzigo mgongoni. Kugeuza huwa ni kulekule. Ukigeuza mapema au ukigeuza umechelewa, tofauti ni mafuta tu."

"Mafuta yenyewe ndiyo sina," alisema Mwalimu. Machozi yakamtoka, si mengi. Alikuwa amechoka hata kulia.

Ijumaa, kikao. Walimu kumi na nane, chai imepoa kwenye birika, Afisa wa Elimu ameketi kulia kwa Mwalimu Mkuu na faili jekundu mbele yake. Mwalimu wa Taaluma, bwana mkavu anayependa orodha kuliko watu, alisoma majina ya wanaorudia. Alipofika darasa la sita, Sayansi, akasoma tisa, akahitimisha, "Idadi ndogo kuliko miaka yote, shukrani kwa kazi ya vikundi." Walimu wakapiga makofi. Afisa akatabasamu, akaweka mkono juu ya faili.

"Labda mwenyewe atuambie siri ya mafanikio," alisema.

Mwalimu wa Sayansi akasimama. Mwalimu wa Hesabu akamvuta gauni chini ya meza. Hakukaa.

"Siri ni hii," alisema, akaliweka daftari la Saa mezani. "Kwenye vikundi vyangu mwaka huu walisoma watoto watatu watatu. Waliobaki walikuwa watumishi wao. Niliambiwa nizungushe kazi, sikuzungusha. Nilichoka, nikawaandikisha majina kwenye kadi, nikawaacha humo. Hawa tisa hawakushindwa mtihani. Mimi ndiye niliyewakalisha wautazame ukuta wa nyuma. Mmoja wao aliniuliza swali mara moja mwaka mzima, nikamnyamazisha. Limeandikwa humo, na tarehe yake."

Afisa akalivuta daftari, akafunua kurasa mbili, tatu. Tabasamu likamshuka polepole.

"Unasema mbinu ya vikundi haifai?"

"Inafaa sana. Mimi ndiye niliyefanya nusu yake, ile nusu iliyonipunguzia kazi."

"Sasa unataka nini?" aliuliza Mwalimu Mkuu, na hakuwa amefurahi. Makofi yalikuwa yake pia.

"Likizo hii nipewe hao tisa. Wiki tatu. Kabla shule haijafunguliwa wafanye mtihani mwingine. Atunge mwingine, asahihishe mwingine."

"Huo utakuwa mlango," alisema Mwalimu wa Taaluma. "Kila mwalimu ataleta wake tisa."

"Kila mwalimu aliyekosea alete," alisema Mwalimu wa Sayansi. Wawili watatu wakatazama vikombe vyao.

Walibishana mpaka chai ikawa maji. Mwishoni Mwalimu Mkuu alikubali, shingo upande: wiki tatu, mtihani atatunga Mwalimu wa Hesabu, atakayepata chini ya arobaini arudie na asisikike mtu. Afisa akafunga faili jekundu bila kutoa barua iliyokuwa ndani. "Kuhusu lile jambo lingine, mwalimu, tutawasiliana," alisema. Hakuna mtu pale asiyejua tafsiri ya tutawasiliana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli hakuna aliyempa. Mwalimu wa Hesabu tu ndiye aliyembebea mkoba mpaka getini, akimtukana njia nzima kwa mapenzi.

Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa fundi cherehani. Alimkuta Saa ameshaketi kwenye ile cherehani isiyo na mtu, akipitisha mshono ulionyooka kama mistari ya daftari lake. Mwalimu akasema yote mbele yao wawili, pamoja na lile neno lililombakia mdomoni Jumatano: "Kosa ni langu, mama. Si la mtoto." Mama mkubwa alimtazama muda mrefu.

"Mwalimu kukiri, hii sijawahi kuiona," alisema. "Wiki tatu nakupa. Cherehani haina haraka."

Shule ikiwa tupu hutoa mwangwi hata kwa kikohozi. Asubuhi ya kwanza watoto tisa walikaa katika chumba cha watu sitini na sita, wakaenda wenyewe kwenye viti vyao vya zamani, wakageuza nyuso nyuma kuitazama saa. Hakuna aliyewaagiza. Mwalimu alipoona migongo ile alishika fremu ya mlango kidogo kabla ya kuingia.

Akawagawa, wanne na watano. Akamwaga kadi mpya mezani, hazina jina hata moja. Kazi zilizunguka kila siku, si kila wiki. Na haikuwa kazi nyepesi, msidhani. Watoto waliozoea kunyamaza hawaanzi kusema kwa sababu mtu amewapa kadi. Mwenyekiti wa siku ya kwanza alikaa na kadi yake kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Siku ya tatu mmoja alilia. Siku ya tano mmoja hakuja, Mwalimu akamfuata kwao kwa miguu ile ile mibovu. Jioni alisahihisha kazi tisa, kila moja kivyake. Beseni la maji ya chumvi likawa halitoshi.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, usemaji ulimfikia Saa. Somo lilikuwa mzunguko wa damu. Alikwenda ubaoni, akachora moyo, vyumba vinne, mishale. Alianza kwa sauti ndogo, ikabidi wenzake wasogeze viti. Akaeleza damu inavyosukumwa, inavyofika kidoleni, inavyorudi. Akafika kwenye vilango vidogo ndani ya mishipa.

"Hivi ndivyo vinavyoizuia isirudi nyuma," alisema. "Damu haijui njia. Inasukumwa, halafu inafungiwa mlango nyuma yake, kwa hiyo..."

Akanyamaza. Anayesimama ubaoni huitazama saa ya ukuta wa nyuma ana kwa ana, na macho yake yalikuwa yamekwenda huko yenyewe. Akaweka chaki chini.

"Muda umekwisha, mwalimu. Dakika tano zangu."

Mwalimu wa Sayansi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamegusana na meza, kadi ya boksi imening'inia kifuani mwake.

"Kadi ya mtunza muda anayo nani leo?" aliuliza.

Saa akaitazama. "Unayo wewe, mwalimu."

"Nimesema muda umekwisha?"

"Hapana."

"Basi chukua chaki yako. Kwa hiyo damu inafanyaje?"

Saa akachukua chaki. Akaendelea. Mvulana mmoja akauliza swali, akamjibu. Mwingine akambishia, wakabishana wote tisa, wakichorana mishale juu ya mishale mpaka ubao ukawa haueleweki. Mwalimu alifungua daftari lenye jalada la gazeti, akapiga mstari chini ya ile sifuri ya mwisho, akaandika tarehe. Kwenye safu ya Mwalimu akatia sifuri. Kwenye ile ya Mimi alishika kalamu akangoja, kwa sababu msichana alikuwa bado anasema.